Maajuni ya Minneapolis

Juzi usiku mfamasia aliniuliza kwa simu, "Miligramu ngapi?" Nikageuza kichupa cha pipi nikamsomea: THC, kile kiungo cha bangi kinacholevya, 5 kwa kila kipande, CBD, kiungo chake kingine, 10, vipande 10. Akaniambia la kufanya, akanitakia usiku mwema. Dakika nne, basi. Mpaka leo nazifurahia zile dakika nne, na najua pale Mkunguni, kwetu Lamu, mtanicheka.

Kazi yangu huku Minneapolis, Marekani, ni kutunza wazee. Bibi ninayekaa naye usiku ana miaka 81, magoti yamemkatalia na usingizi haumjii. Binti yake alimletea pipi laini, zile zinazovutika mdomoni kama halua iliyolala. Zimetiwa dondoo ya hempu. Naam, bangi, msigune: maajuni, vitamu vya kulevya. Mmea ni uleule. Kilichobadilika ni hesabu. Sheria ya Marekani ya Desemba 2018 ilisema mmea ukiwa na THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito wake mkavu, huo si bangi tena, ni hempu, lima uuze. Minnesota, jimbo ninalokaa, nayo tangu Julai 2022 ikaruhusu vyakula vyake: kipande kisizidi miligramu 5 za THC, kichupa kisizidi 50, mnunuzi awe ametimiza miaka 21. Mimi mwenye mvi kidevuni nimewahi kudaiwa kitambulisho dukani, nikakasirika kweli.

Kilichonishtua si THC, ni CBD, ile ambayo watu huisema hailevyi na kwa hiyo haina neno. Bibi anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. CBD huweza kulizuia ini lisiivunje warfarin kama kawaida yake, dawa ikajaa mwilini na mtu akavuja damu kwa jeraha dogo tu. Mfamasia akasema asile hata kimoja mpaka daktari wake ajue na damu ipimwe. Bibi akanuna. Nikampa chai.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka ule nilipokuja likizo, kijana wa mtaani kwetu Langoni alikula mabuyu yaliyotiwa bangi. Mnayajua ninayoyasema, sihitaji kuwaeleza nani huyapika wala huuzwa uchochoro gani. Akala mawili, akakaa, akasema hayana kitu. Akamaliza pakiti. Baada ya Isha alikuwa chini, moyo unamwenda mbio, analia kuwa anakufa. Tukampakia kwenye mkokoteni mpaka hospitali. Daktari akauliza, "Amekula nini?" Tulikuwa watu tisa. Mama yake akasema samaki. Ami yake akasema ni jini, asomewe. Mimi niliyekuwa najua niliangalia sakafu. Akapimwa malaria, akawekewa maji, akapelekwa huku na kule mpaka alfajiri, akaamka na njaa kama mwenye swaumu.

Na lililompata lina maelezo yake, wala si siri. Moshi hufika kichwani kwa dakika chache, lakini kinacholiwa hupita tumboni kwanza, kisha ini, na ini huigeuza THC kuwa kitu kikali zaidi kichwani. Safari hiyo huchukua nusu saa hadi saa mbili, na ulevi wake hukaa saa sita, nane, hata zaidi. Anayesema "haijashika" akaongeza, zitamshika zote pamoja. Kichupa cha bibi kimeandikwa ngoja saa mbili. Ukitaka kujua kwa nini nazionea wivu herufi hizo ndogo, mkumbuke yule kijana.

Hapo ndipo nasikia sauti: "Kumbe ametoka Lamu kwenda kujifunza bangi! Ataka tuhalalishe!" Sikusema hivyo. Kilevi ni haramu, nimesoma chuo cha Kurani kama ninyi, na fimbo za mwalimu nilizila. Sijaonja hizo pipi wala sina haja nazo. Nasema aliyekwisha kula anahitaji mtu wa kusema amekula nini na kiasi gani, na sisi neno "kiasi" katika mambo haya hatuna. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna yatokayo Embu, nilisoma maneno yenu usiku kucha. Haramu, biashara, siasa, Embu wanatuua. Sikukuta hata mmoja anayeuliza mtu hutafuna kiasi gani kwa siku.

"Huyu amekuwa Mzungu." Haya, basi nisikilizeni niwaseme Wazungu. Ile asilimia 0.3 iliwekwa kwa ajili ya jani. Wenye akili wakaipeleka kwenye pipi: pipi ya gramu 4 kwa hesabu hiyo yaweza kubeba miligramu 12 na bado ikaitwa hempu. Wengine wakachukua CBD wakaichemsha na asidi ikawa THC ya aina nyingine, delta-8, ikauzwa vituo vya petroli kwenye majimbo yasiyojali, imefungwa kwa karatasi za rangi kama pipi za watoto. Na watoto wakala, wakaishia hospitali. Ziko lebo za uongo pia. Ndiyo maana ya kudai cheti cha maabara, na kuangalia kama namba ya toleo kwenye cheti ndiyo iliyo kwenye kichupa. Novemba 2025 ndipo Bunge lao lilipozinduka, likapitisha kikomo cha miligramu 0.4 za THC kwa kifurushi kizima, kianze kufanya kazi baada ya mwaka. Miaka saba! Kwetu mbuzi akiingia shambani hatumngoji amalize.

Na jambo jingine, kwa kuwa mmenichokoza. Bibi huyu ana watoto watatu, na wa kumsomea lebo usiku ni mtu wa Lamu anayelipwa kwa saa. Mama wa makamo hayo kwetu angekuwa na wajukuu wanne wanaogombania kumkanda goti. Wangemkanda kwa mafuta ambayo hakuna anayejua yametiwa nini, lakini wangemkanda.

Wala msiniambie kupima ni mambo ya Ulaya. Nendeni Malindi. Tangu 2015 vijana waliotoka kwenye unga, yaani heroini, wanapewa methadoni pale, dawa ya kushika mahali pa unga huo, kila siku, kwa kipimo, mtu anainywa mbele ya mhudumu. Hakuna anayesema samaki. Kumbe twaweza, tukiisha zika vya kutosha.

Wakati naandika haya mpwa wangu ameniletea sauti kwa WhatsApp: "Mjomba, hizo pipi niletee vichupa viwili ukija, goti la mama." Nikamwambia hapana. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 haijui hempu wala binamu yake, na mimi sitaki kueleza asilimia kwa askari wa uwanja wa ndege. Tena mama yako ana presha, nikamwambia. Kwanza nitajie dawa anazomeza sasa, jina na miligramu, nimuulize mtu anayejua.

Akakaa kimya kitambo. Kisha akatuma picha: kibahasha cha kaki, hakina jina la dawa, kimeandikwa kwa kalamu 1x3.