Daftari la kusudi na cherehani ya shangazi

Nina daftari la jalada gumu ambalo ukurasa wake wa kwanza umeandikwa "Niliumbwa ili", halafu basi. Hakuna kinachofuata. Kwenye ile herufi ya mwisho wino umekoza, kwa sababu nilisimamisha kalamu pale muda mrefu nikisubiri maneno yashuke.

Ilikuwa mwaka 2014, semina ya vijana ya siku tatu. Mhubiri alikuwa mgeni, koti zuri, sauti nzito, akatuambia kwamba mtu asiyejua kusudi lake anawamalizia wenzake hewa tu. Tukapewa dakika kumi za kuandika. Kijana wa kushoto kwangu alimaliza kwa dakika moja: aliumbwa ili ayafikie mataifa. Baadaye watu wakaitwa mbele wasome walichoandika. Walisimama kama kumi na tano, na karibu wote walikuwa wa mataifa. Mmoja alikuwa wa Ulaya tu. Hakuna aliyesema aliumbwa ili ashone, alime, afundishe hesabu darasa la tano au amuuguze bibi yake. Kama yupo aliyeandika hivyo, nadhani aliona haya kusimama.

Wakati huo nilikuwa nauza dawa, duka la dawa muhimu karibu na stendi. Nilitoka kwenye semina nikiamini kwamba kile kikaunta ndicho kinachonizuia. Miezi miwili haikupita, nikaacha kazi, nikajiunga na timu ya huduma iliyokuwa inazunguka na mikutano ya hadhara. Nilibeba spika, nilifunga maturubai, nilisimama nyuma ya jukwaa nikingoja kusudi langu lifunuliwe. Nilingoja miezi kumi na mmoja. Posho hakuna, ukiuliza unaambiwa mtumishi hatangulizi tumbo. Kiongozi wetu hakuwa mtu mbaya na nadhani aliyaamini maneno yake, ingawa yeye alikuwa anakula. Nilirudi Iringa na begi moja na deni la nauli, nikawa napita vichochoro ili nisikutane na wanakwaya walionichangia siku ya kuniaga.

Shangazi ndiye aliyenipokea. Ni fundi cherehani, anashonea barazani kwake Ipogolo, na cherehani yake ya Butterfly ya kukanyaga imechubuka rangi upande wa kulia, pale mkono unapopita. Januari yote ni sare za shule: sketi za bluu, kaptula, mashati meupe. Nilikaa naye kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikamsaidia kubandika vifungo, na ndipo nikaona jambo ambalo nililitazama tangu utotoni bila kuliona. Sketi za watoto wengine alizipinda inchi moja. Nyingine alizipinda inchi tatu, hata nne, na kwenye mishono ya ubavuni akaacha kitambaa cha kutosha kuachia.

Nilidhani ndivyo wazazi wanavyoagiza. Siku moja nikauliza. Akasema mama wa mtoto huyu hana uwezo wa kununua sketi nyingine mwakani, na pengine hata mwaka unaofuata. Mtoto akirefuka, sketi italetwa na pindo litashushwa. Kushusha hatozi. Mama mwenyewe huwa hajui kwamba amekatiwa hivyo, mpaka siku anayokuja kulalamika kuwa sare imemfupia mwanawe. Na kwa wasiojua mambo ya mafundi: kitambaa kinacholala ndani ya pindo lile kingebaki kwa fundi kama mabaki, akapata foronya, akapata mifuko ya kuuza. Kwa hiyo kila inchi ile inatoka mfukoni mwake, ingawa hutaiona kwenye hesabu yoyote.

Kwa kuwa bado nilikuwa na homa ya semina, nikamwuliza, "Shangazi, hivi wewe kusudi lako hapa duniani ni lipi hasa?"

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, miwani imemshukia puani. "Baba," akasema, "nipishe mwanga."

Nikasogea.

Wiki zile nilikuwa nasoma kitabu cha Kutoka katika Biblia, zile sura za vipimo vya mbao na mapazia ambazo wengi wetu huzivuka haraka. Nilipofika 28:3 nikarudia mstari mara tatu. Mungu anamwambia Musa aseme na watu wenye moyo wa hekima, watu ambao yeye mwenyewe amewajaza roho ya hekima, wafanye nini? Wamshonee kuhani Haruni mavazi. Ni mafundi nguo. Wamejazwa roho ili wakate kitambaa sawasawa. Ukishuka mpaka mstari wa 33, Mungu anaelekeza hata pindo la joho: makomamanga ya samawi, ya zambarau na mekundu kulizunguka, na kati yake njuga za dhahabu, ili sauti isikike Haruni anapoingia patakatifu. Mahubiri juu ya Haruni nimesikia mengi. Juu ya waliompindia joho sijasikia hata moja.

Dorkasi wa Yafa ni hivyo hivyo. Katika Matendo 9 amekufa, Petro anafika, na wajane wamesimama wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hatuambiwi aliwahi kusimama mbele ya watu akasema neno. Wajane wale hawakuwa na hotuba ya kumsifia marehemu. Walishika nguo walizovaa.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watakaonipigia simu: neno kusudi limetekwa na jukwaa. Sikiliza tu tunavyozungumza. Mtu akikwambia "siku hizi natumika", humwulizi ni ofisi gani, umeshajua ni kanisani, tena mahali penye kipaza sauti. Mtumishi ni mchungaji, nabii, mwimbaji. Yule dada anayeosha vikombe vya Meza ya Bwana kila baada ya ibada, akavifuta kimoja kimoja akivirudisha kabatini, haitwi mtumishi. Tunamwita "yule dada wa usafi". Tumeligawa neno moja vipande viwili, halafu tunashangaa vijana wanakimbilia kipande kimoja.

Na mstari wetu mkuu ni Yeremia 29:11. Uko kwenye bajaji, kwenye kalenda, kwenye kadi za harusi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Naupenda. Lakini ni mstari wa katikati ya barua, na barua ile iliandikiwa watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Kabla ya mawazo ya amani, wameambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani, waoe na kuolewa, wautakie amani mji ule ule uliowateka. Halafu wanaambiwa itakuwa miaka 70. Maana yake wengi waliosikia barua ikisomwa wangezikwa huko huko, na mawazo ya amani yalikuwa yao pia.

Sura moja nyuma kuna Hanania. Naye alikuwa nabii, na ujumbe wake ulikuwa mtamu zaidi: ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Akaivunja na ile nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya utumwa wa Babeli, mbele ya umati, na sina shaka watu walishangilia. Alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba. Kila ninapoona bango la mkesha linaloahidi kusudi kufunuliwa ndani ya siku 21, namkumbuka Hanania. Watu hawapendi kuambiwa wapande bustani.

Nilirudi kwenye dawa. Duka lingine, mshahara ule ule. Tofauti ilikuwa mimi. Baba mmoja wa kanisani kwetu, mwalimu mstaafu, aliniambia kwamba Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunajivunia jina lake kuliko tunavyomsoma, aliwaandikia wakuu wa Ujerumani mwaka 1520 kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima, kila mtu na kazi yake, wote ni makuhani waliowekwa wakfu. Nilifurahi. Kisha nikasoma Luka 3 nikapunguza furaha, maana pale kazi inatajwa na masharti yake. Watoza ushuru wanamwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, na hawaambii waache kazi. Anawaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wanaambiwa wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Nani anataka kujaza hayo kwenye daftari la kusudi? "Niliumbwa ili nisizidishe ushuru."

Kwangu ilikuja kwa sura ya amoksilini. Anayekaa kaunta anajua. Mtu anaingia, anasema, "Nipe amoksilini ya elfu moja," kana kwamba anapima nyanya. Hana cheti cha daktari, hana dozi, ana elfu moja. Ukimkatalia anavuka barabara, duka la pili anapata. Mwenye duka anataka mauzo, na dawa ikitumiwa nusu nusu, vijidudu vinaizoea, kisha siku mtoto wa mteja akiugua kweli haifanyi kazi. Miaka yangu ya kwanza nilihesabu vidonge vya elfu moja, nikafunga, nikatamani kuyafikia mataifa. Sasa nakaa na mteja, namweleza. Wengine wanasikiliza na kwenda zahanati. Wengine wananitukana. Mwenye duka amenionya mara mbili, na mara ya pili hakuwa anatania.

Mwaka jana alikuja binti mdogo na mtoto mgongoni, ana cheti halali, dawa ya unga ya chupa. Nikamwonyesha: gonga chupa unga uachane, tia maji yaliyochemshwa yakapoa, tikisa, subiri povu lishuke, ongeza mpaka kwenye alama. Aliitikia kila kitu kwa kichwa, na niliona hajui kusoma namba. Nikachukua bomba lisilo na sindano, nikakata kipande chembamba cha plasta nikakibandika kwenye mstari wa dozi yake. "Usipite plasta." Akarudia, "Nisipite plasta." Foleni nyuma yake ilikuwa inanung'unika. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, ila kwa mara ya kwanza sikutamani kuwa mahali pengine.

Najua pingamizi, kwa sababu nimejipinga mwenyewe. Mathayo alikuwa amekaa forodhani akaambiwa "Nifuate", akaondoka. Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, na kama angeng'ang'ania ubao na chaki, historia yetu ingekuwa nyingine. Wapo wanaoitwa watoke, na siku hiyo ikifika watoke kweli. Ninachokataa ni kumfanya kila kijana aliyekaa forodhani ajione amechelewa. Halafu Nyerere mwenyewe alitoka darasani akafika Ikulu, na jina lililombakia mpaka kufa lilikuwa Mwalimu.

Tena sitaki maneno yangu yatumiwe kumfunga mtu kwenye kazi ya manyanyaso. Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anasema kila mmoja akae katika hali aliyoitwa nayo, na papo hapo anamwambia mtumwa kwamba akiweza kuwa huru, afadhali aitumie nafasi hiyo. Mstari wa 20 tunaukariri, wa 21 tunausahau, hasa tukiwa sisi ndio waajiri. Ukimfanyisha kijana kazi miezi kumi na mmoja bila posho na kumwambia ni kwa ajili ya Bwana, usiliweke hilo kwenye kusudi la Mungu. Liweke kwenye Luka 3, pale kwenye kudhulumu.

Na wasio na kazi kabisa? Hapa ndipo semina zetu zinaponiuma zaidi, maana viti vingi vinajazwa na hao. Kijana ana cheti cha chuo, amezungusha barua mpaka viatu vimeisha, halafu anaambiwa shida yake ni kwamba hajagundua kusudi. Shida yake ni ajira. Tumwonee huruma tusimwongezee hatia.

Juzi mmoja wa namna hiyo alinifuata baada ya jumuiya. Amesomea ualimu, bado hajaajiriwa. Alikuwa na daftari, jipya, ukurasa wa kwanza mweupe. Aliniomba tuombe pamoja ili Mungu amwonyeshe, tukaomba, na sikuomba kwa kejeli. Tulipomaliza nikamwuliza anashindaje mchana. Akasema hana cha maana, anakaa tu nyumbani, labda jioni jioni anawasomesha watoto watatu wa jirani ambao wamefika darasa la nne hawajui kusoma. "Bure tu, kaka. Ni kupoteza muda."

Nikamwuliza watoto wenyewe ni akina nani. Alikuwa na majina yao yote matatu, na bila kufikiri akaniambia ni yupi bado anachanganya b na d, na ni yupi alisoma sentensi nzima Alhamisi iliyopita kisha akakimbia nje kwa aibu.