"Kwangu Inafanya Kazi" Si Jibu la Kumpa Mteja

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na dada mmoja mwenye duka la dawa Wete, Pemba. Yeye na mwenzake walichanga fedha wakamlipa kijana wa huku Unguja awatengenezee programu ya kuweka hesabu za dawa na tarehe zake za kuisha. Kijana akapokea fedha, akatuma flashi kwa boti. Programu haijafunguka hata siku moja. Walipompigia, akawajibu: "Kwangu inafanya kazi. Nunueni kompyuta mpya."

Nimekasirika, na bado hasira haijanitoka. Kompyuta ya duka ni Windows 7 ya biti 32, aina ya zamani ya mfumo. Ya kijana ni Windows 11, na programu ameijenga ya biti 64, aina mpya. Programu ya biti 64 haifunguki kwenye mfumo wa biti 32, uibembeleze uwezavyo. Hilo angelijua akiwa amekaa chumbani kwake, lau angelijaribu kazi yake kwenye kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta yako, kabla ya kuipakia botini.

Na mtu asiniambie habari za gharama. VirtualBox, programu ya kutengenezea kompyuta pepe, ipo tangu 2007. Ilianzia kwa Innotek ya Ujerumani, ikapita kwa Sun, leo iko kwa Oracle, na programu yenyewe ya msingi ni bure. VMware Workstation Pro, ya kazi hiyo hiyo, ambayo zamani tuliihesabu kuwa ya wenye fedha zao, tangu Novemba 2024 ni bure hata kwa kazi za biashara. Anayetumia mfumo wa Linux anayo KVM, ya kazi hiyo hiyo, ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo.

Biti 32 na 64 lakini ni balaa dogo, kwa sababu programu isiyofunguka kila mtu anaiona. Ninaloliogopa mimi ni kosa lisiloonekana, na kwa duka la dawa kosa hilo ni tarehe. Fundi akisakinisha Windows huku anabonyeza "endelea" bila kusoma, mashine hubaki na mpangilio wa Marekani: mwezi mbele, siku nyuma. Kompyuta za namna hiyo ziko tele maofisini na madukani kwetu. Sasa chukua boksi la dawa inayoisha tarehe 9 Aprili. Muuzaji anaandika 09/04 kama sote tunavyoandika. Programu iliyoachwa ifuate mpangilio wa mashine inasoma 4 Septemba. Karibu miezi mitano dawa iliyokwisha inakaa rafuni na kompyuta inasema ni nzima. Atakayeinywa ni mtoto wa mtu, au bibi wa presha aliyeteremka kutoka shamba kufuata dawa yake.

Mimi huweka kompyuta pepe mbili za Windows, moja kwa mpangilio wa Uingereza na nyingine wa Marekani. Naandika 09/04 kwenye zote mbili, kisha naingia kwenye hifadhidata, mahali programu inapoweka kumbukumbu zake, kuangalia kilichoandikwa humo ndani, maana skrini inaweza kukuonyesha unachotaka kukiona. Kabla ya yote napiga snapshoti, hali nzima ya mashine ihifadhiwe kama ilivyo. Nikishavuruga, narudi kwenye snapshoti na mashine inakuwa safi tena. Kompyuta ya mteja haina rehema hiyo. Ukiivuruga, umevuruga daftari la biashara yake.

Kuna na jaribio la umeme, ambalo sielewi kwa nini halifundishwi. Muuzaji akiwa katikati ya kuhifadhi mauzo, umeme ukakatika, itakuwaje? Kwenye kompyuta pepe unaizima ghafla, papo hapo, bila kuiaga. Ukiiwasha unaangalia: hifadhidata imesalimika? Mauzo yameingia mara mbili, au hayakuingia kabisa? Unguja tulikaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Watu waliopitia hayo hawana haki ya kuuziana programu ambayo haijawahi kukatiwa umeme.

Wanaotengeneza tovuti nao wasijitoe. Kwenye Windows, Risiti.php na risiti.php ni faili moja. Kwenye seva ya Linux, kompyuta inayohudumia tovuti, ni faili mbili tofauti, na mfumo uliokuwa ukienda vizuri nyumbani unaanza kusema ukurasa haupo. Kompyuta pepe moja ya Linux inamaliza habari hiyo.

Haya, nakubali kwamba laptopu yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 itahangaika kuendesha kompyuta pepe. Lakini Windows 7 ya biti 32 inaomba GB 1 tu ya RAM, kwa hiyo mwenye GB 8 hana la kusema. Kushusha faili za kusakinishia kunakula bando, ni kweli. Printa ya risiti lazima uijaribu yenyewe mkononi. Na macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, leseni ya Apple hairuhusu kuiendesha nje ya kompyuta za Apple.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba Windows 7 imepitwa. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini hayo mteja huambiwa kabla hajatoa fedha. Kumwambia baadaye ni kumdhulumu.

Kijana yule ajenge upya kwa biti 32, aijaribu, ndipo atume flashi nyingine, na nauli ya mzigo ailipe yeye. Wenye maduka na skuli, kabla ya kulipa mwambieni fundi awaonyeshe programu ikifanya kazi kwenye mfumo ule ule mlionao. Na ninyi mnaoanza kazi hii: mwenye diski ya nje aje nayo, nitamnakilia mashine zangu za Linux zikiwa tayari zimesakinishwa, asitumie bando lake. Ya Windows sitamnakilia kwa sababu ya leseni, ila Microsoft wenyewe wanatoa Windows 11 Enterprise ya majaribio kwa siku 90, na nitakaa naye tuisakinishe pamoja.