Mswada Umekwisha? Umekwisha Wapi!

Eti mswada wa makala yako ya utafiti wa malaria umekwisha. Umekwisha wapi! Mbu wamekamatwa, wamehesabiwa, wamechambuliwa mpaka wakakoma. Sasa fungua mwongozo wa waandishi wa jarida uone kazi.

Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzoni, isizidi maneno 250. Yako ina 261. Kutoa hayo 11 ni sawa na kupunguza wageni kwenye orodha ya harusi: kila neno lina mjomba wa kulitetea. Anza na ile sentensi ya kwanza inayotangaza kwamba malaria ni tatizo Afrika. Mhariri wa jarida la malaria, jamani, hizo habari anazo.

Majina ya waandishi je? Hapo ndipo kamati ya harusi yenyewe inapoketi. Masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni manne, na mtu ayatimize yote: awe amechangia wazo, data au uchambuzi, ameandika au kuhariri kwa kina, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuulizwa kazi ikileta maneno. Bosi aliyeazimisha friji ametimiza sharti la friji. Huyo mpeleke kwenye shukrani, kama utaweza kumtazama usoni Jumatatu.

Grafu nazo! Jarida linataka dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), yaani kwa safu ya sentimeta 8.5 unahitaji upana wa pikseli kama 1,000. Wewe umeibandika kwenye Word, Word ikaibana kimyakimya, ukiitoa ni ukungu wa Lushoto. Kubadilisha namba isomeke 300 ni kumpaka rangi ng'ombe aliyekonda. Rudi kwenye programu iliyoichora, uitoe upya ikiwa faili ya picha ya TIFF. Na ukiwa huko, ile thamani ya p kwenye takwimu zako, p = 0.000, ifute. Programu imekata desimali tu, hakuna sifuri hapo. Andika p < 0.001.

Wenye visirani hasa ni marejeleo. Ukiyapa namba kwa mkono kisha ukachomeka moja katikati, yote ya chini yanahama kama abiria wa daladala wanaosogezwa nyuma. Zotero, programu ya kupanga marejeleo, inasaidia, ila macho yabaki kuwa yako: inaweza kuichukua World Health Organization ikadhani ni mtu, ikaandika "Organization WH". Shirika zima limepewa jina la ukoo! Ingia kwenye sehemu ya mwandishi, ligeuze liwe jina moja lisilogawanywa.

Halafu saa 5 usiku, faili zote zimepanda, kimebaki kitufe kimoja, mwandishi wa nne aliyekuwa kimya tangu Januari anaibuka WhatsApp: "Kibali cha NIMR kimetoka?" Yaani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Tanzania. Si kile cha kufanyia utafiti, hicho kipo, na namba yake imeandikwa kwenye sehemu ya mbinu. Anauliza kile cha kuchapisha.

Hakijaombwa.