Boti ya kubeti kwa anayeanza: tuseme sio utapeli, halafu?

Mabishano ya boti za kubeti, yaani programu zinazokuwekea dau zenyewe, huwa yanaishia palepale. Mmoja anasema huo ni utapeli, mwingine anajibu "ulipata feki bro, tafuta orijino", basi, kila mtu anaondoka ameridhika. Swali lenyewe halijaguswa. Tuseme umepata orijino kweli, haikuibii hata shilingi, inafanya kile ilichoambiwa. Mtu aliyeanza kubeti wiki iliyopita aiwashe au asiiwashe?

Mimi naona asiiwashe, nasema mapema ili usije kunishtukia katikati. Ila sababu yangu sio utapeli, na hata wanaopinga boti naona wengi wanapinga kwa sababu isiyo yenyewe.

Zile feki tuzitoe njiani kwanza. Kwenye kindege, yaani Aviator ya kampuni ya Spribe iliyotoka 2019, mchezo ambao ndege inapaa na namba ya kuzidisha dau lako inapanda nayo, usipokata (kutoa hela) kabla haijapotea umeliwa, kuna watu kibao Telegram wanauza programu ya "kutabiri" ndege itaishia wapi. Unatumiwa skrinshoti za walioshinda, unaambiwa lipia 25,000, halafu jisajili upya kwa linki yake. Hiyo linki ndio biashara yenyewe, maana kampuni nyingi za kubeti zinamlipa aliyeleta mteja asilimia ya kile mteja anacholiwa, kwa hiyo wewe ukiliwa yule aliyekuuzia anakula. Na kutabiri haiwezekani kwa sababu rahisi tu: matokeo ya raundi yanatengenezwa kwa kuchanganya namba ya siri ya seva na namba zinazotoka kwa wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau kwenye raundi hiyohiyo, vyote vinasagwa pamoja kwa hesabu inayoitwa SHA-512. Kabla hao watatu hawajabonyeza matokeo yenyewe hayajazaliwa. Anayekwambia anaona ndege inaishia 14.6 anaona kitu ambacho hakipo.

Sasa wanaotetea boti halisi, na hawa wana hoja, tusiwabeze. Binadamu akiliwa anapandwa na jazba. Alipanga buku tano (5,000), zimeenda, anaongeza kumi azirudishe, saa 8 usiku unamkuta kaweka dau kwenye ligi ya vijana ya nchi ambayo ukimpa ramani haioni. Boti haina hasira. Ukiiambia kata kwenye 1.50 itakata kwenye 1.50, haitasema ngoja kidogo naona leo inapaa. Kwa mtu mgeni ambaye mkono unatetemeka hiyo nidhamu ni kitu, sikatai, na nitairudia hapo mbele.

Halafu huwa wanakutajia Bill Benter. Mmarekani aliyekuwa anahesabu karata za blackjack Las Vegas mpaka kasino zikamfungia milango, katikati ya miaka ya 1980 akaenda Hong Kong na mwenzake Alan Woods, akaandika programu ya kukadiria mbio za farasi, ikamtajirisha vibaya sana. Mwaka 1994 akachapisha mpaka karatasi ya kitaalamu kuelezea inavyofanya kazi. Yote kweli. Ila wanaruka kwamba mwanzoni waliliwa sana, na wanaruka lililo kubwa zaidi: kwenye farasi wa Hong Kong madau yote yanaingia chungu kimoja, klabu inakata chake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Benter alikuwa anashindana na wabashiri wenzake, na wenzake walikuwa wanakosea. Kwenye kindege hakuna mwenzako wa kukosea, upo wewe na mashine. Betfair ya Uingereza nayo, iliyoanza 2000, unabeti dhidi ya mtu mwingine na boti ni ruksa kabisa, na bado wanaoshinda sana walianza kukatwa tozo ya ziada mwaka 2008, ikafika 2011 wapo waliokuwa wanakatwa hadi asilimia 60 ya faida. Kule boti zinalipa, ndio, ila ni za watu walioanza na takwimu miaka wakamalizia na boti. Huku kwetu mtu anaanza na boti akitegemea takwimu zitakuja zenyewe.

Turudi kwenye kindege maana ndiko wageni wengi wanaanzia. Kinarudisha asilimia 97 kwa wastani wa muda mrefu, wameandika wenyewe, wala sio siri. Tatu ni zao. Ukikata kwenye 1.10 unapatia kama mara 88 katika 100, ukikata kwenye 2.00 unapatia mara 48 na nusu, piga hesabu popote utakapokata utakuta ile tatu yao iko palepale imekaa. Hakuna setingi ya boti inayoifuta.

Wanachofanya wengi waliotengeneza hizi boti ni kuificha. Fungua ndani utakuta akili yote ni kudabo: anza jero (500), ukiliwa weka buku, ukiliwa buku mbili, mpaka upatie urudi mwanzo na faida ya jero. Kwa mara saba mfululizo unahitaji 63,500. Nafasi ya kuliwa mara saba mfululizo ukikata kwenye 2.00 ni ndogo, haifiki hata asilimia 1, na hapo ndipo mgeni anapolainika, anasema asilimia 99 niko salama. Sawa, ila maana yake kwa wastani utapata faida ya jero mara 103 halafu unapigwa moja. Mara 103 ni 51,500. Moja ni 63,500. Umefanya kazi nzuri mara 103 na umetoka na deni la 12,000, na sehemu mbaya ni kwamba zile 103 zote zilikuwa zinakufundisha kuwa inafanya kazi.

Lakini hata hilo la kudabo sio linaloniuma zaidi. Kinachoniuma ni mwendo. Chukua mtu anabeti jero kwa mkono, jioni moja anacheza raundi 40 hivi, kidole kinachoka, mtu anaita, chai inapoa, anaacha. Amezungusha 20,000, na kwa ile asilimia 3 wastani wake ni kuliwa 600. Ni hela ya kupotea, mtu hafi. Sasa washa boti ya jerojero isiyodabo, boti mstaarabu kabisa, uiache kwa muda wa masaa nane ikicheza raundi mbili au tatu kwa dakika. Hiyo ni kama raundi 1,200. Imezungusha 600,000, na asilimia 3 yake ni 18,000. Dau lile lile, mchezo ule ule, hakuna aliyekuibia. Mgeni anajua amepanga dau la jero. Hajui kama amepanga dau la laki sita.

Wenzetu Kenya ndio kabisa, tangu Julai 2025 kuna kodi ya asilimia 5 ukiweka hela kwenye akaunti ya kubeti na asilimia 5 ukitoa, yaani 1,000 ikiingia na kutoka bila kucheza inarudi 902 na senti. Boti inayokuahidi "faida ndogondogo za uhakika" haijaanza hata kukimbia na imeshaachwa nyuma.

Kuna dogo mtaani kwetu anabadilisha vioo vya simu. Mwezi uliopita aliweka 40,000, akawasha boti ya kudabo saa 5 usiku, simu chaji, akalala. Asubuhi akakuta 7,500 na ujumbe wa salio halitoshi. Akaja kwangu anataka kujua kama ameibiwa, nikamwambia tufungue historia. Tukaskroli. Jero, jero, buku, jero, buku, buku mbili, jero, jero, inapanda kidogo kidogo kama ngazi, ikafika saa 6 usiku ana 78,000. Karibu mara mbili ya aliyoweka. Halafu saa 6 na dakika 4 inaanza: jero, buku, buku mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Zote nyekundu. Salio 14,500, na boti ikarudi kwenye jero kama hakuna kilichotokea. Ikapatia moja, ikapigwa nne mfululizo, ya tano ikataka 8,000 ikakosa, ikasimama.

Hakuibiwa. Alichokuwa ananiuliza tena na tena ni ile 78,000, "bro kwa nini hukuniamsha", kama vile mimi ndio nilikuwa na simu. Sisemi angekuwa macho angetoa, namjua, pengine asingetoa. Ila angeiona. Angekuwa na ile sekunde ya kushtuka kabla ya kubonyeza 16,000 kwa kidole chake mwenyewe, na nakuhakikishia mtu anayekula chakula cha 2,000 mchana habonyezi 16,000 kirahisi. Kile kigugumizi cha kidole ndicho boti inachokuondolea, na wanakuuzia kama faida.

Kwa hiyo ile hoja ya nidhamu niliyosema nitairudia, naigawa nusu. Kukata, yaani kutoa hela ndege ikifika namba fulani, iachie mashine, na wala huhitaji boti ya mtu wala kumpa mtu nywila yako, imo ndani ya mchezo bure. Kuweka dau usiiachie. Najua ndani ya mchezo kuna na kucheza otomatiki, kuna mpaka kisanduku cha "simama salio likipungua kiasi hiki", na bora hicho kuliko boti ya Telegram, ila bado ni mwendo uleule umevaa suti. Mtu mwenye data zake, anayejua kwa nini bei (odds) fulani ni mbaya, huyo mwendo unamsaidia maana kila dau lina kitu ndani. Mgeni kila dau lake lina ile hasi tatu, sasa anakimbilia nini.

Dogo alikubali nusu ya kukata, nusu ya kuweka dau akasema atafikiria. Juzi jioni nimepita kwake, simu yake iko mezani katikati ya vioo vilivyopasuka, kindege kinapaa. Akaja mama mmoja na Tecno imelowa maji. Akashika bisibisi, na nilivyohesabu raundi nne zikapita bila yeye.