Tukililia Nakumatt tuwakumbuke pia masapulaya

Kuna picha inazunguka kwa grupu yetu ya watu wa Nakuru tulio nje, ule mfuko wenye ndovu wa Nakumatt, supamaketi yetu iliyokufa, na kila mtu anaandika vile ameikumbuka, na hata mimi ilinishika sitadanganya. Sisi watu wa Nakuru hizi supamaketi zilikuwa za kwetu kabisa. Nakumatt jina lenyewe ni Nakuru Mattresses, walianza na magodoro, halafu Tuskys na Naivas mizizi yao ni Rongai, ile Rongai yetu sio ile ya Nairobi.

Jumapili tukitoka kanisani tunapitia Nakumatt na nguo zetu za kanisa, mamangu ananunua vitu tatu tu, unga, mafuta ya kupikia na sukari, lakini tunazunguka lisaa lizima tukiangalia mafriji na mativii ambayo hatuna pesa ya kununua na hakuna mtu anatufukuza. Pointi za kadi ya Smart alikuwa anazichunga kama akiba ya benki, Desemba ikifika anaenda kuuliza ziko ngapi. Na kuna yule kijana wa kupakia, anauliza mathe nitenganishe sabuni na unga? Huku Coventry, Uingereza, naskani mwenyewe, napakia mwenyewe, na kwa hiyo supamaketi nimeenda miaka zaidi ya kumi na hakuna mtu hata mmoja ananijua.

Sasa kwa hiyo grupu mtu akaandika ati zetu zilikufa juu Mwafrika hajui kuendesha biashara, huko kwa wazungu duka haliwezi anguka hivyo. Hapo nilikataa na bado nakataa. Mimi niliingia Uingereza mwaka wa 2008 na baridi yangu ya kwanza nilikuta Woolworths inafungwa, duka la karibu miaka mia, zaidi ya matawi 800, wafanyakazi kama 27,000, na Januari 2009 ikawa imeisha. Niliingia siku za mwisho nikakuta wanauza hadi shelfu zenyewe, na wazee wa Kizungu wamesimama tu hapo kama watu wa matanga. BHS, duka lingine kubwa la huku, nayo ikafuata 2016.

Kwa hivyo maduka hufa kila mahali. Kitu mimi naona ni tofauti ni nani anashikwa mkono duka likianguka na nani anaachwa aanguke nalo. Huku kampuni ikifilisika serikali inalipa wafanyakazi sehemu ya mishahara waliyodai na pesa za kuachishwa kazi, sio nyingi lakini unapata. BHS ilikuwa imeuzwa kwa pauni moja, pauni moja!, na mfuko wa pensheni una shimo kubwa, wabunge wakamuita mwenyewe wa zamani Philip Green wakamuuliza maswali mbele ya kamera na 2017 akakubali kutoa pauni milioni 363 kwa hizo pensheni. Masapulaya, wale wanaopelekea duka bidhaa, hata huku hupoteza, hiyo lazima niseme, lakini tangu 2013 kuna ofisi ya serikali ambayo kazi yake ni kusikiza malalamishi yao wakinyanyaswa na supamaketi kubwa.

Mwaka huo huo wa 2017 kwetu Nakumatt shelfu zilikuwa zinabaki na tishu na maji ya chupa zimepangwa kwa kuachanishwa ndio zionekane zimejaa. Kampuni ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, deni ni mabilioni, na Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ifungwe kabisa. Tuskys nayo ikaanza kwenda njia hiyo mwaka huo huo. Na tulikuwa tumeshaona haya kwa Uchumi, duka la serikali la tangu 1975 lililoanzishwa ndio mwananchi apate vitu kwa bei nzuri, likafungwa 2006, likafufuliwa, tukashangilia, halafu 2015 likafunga Uganda na Tanzania likiwa na madeni tena. Sheria ya kumlinda sapulaya dhidi ya mnunuzi mkubwa bunge letu lilikuja kuiongezea makali mwisho wa 2019. Nafurahi ipo, lakini nani atamrudishia aliyekuwa ameshauza shamba?

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu shangazi yangu alikuwa anapeleka mayai kwa supamaketi moja, jina naliacha. Trei mia kwa wiki, chakula cha kuku ananunua kwa keshi, yeye analipwa baada ya siku tisini, halafu mia na ishirini, halafu anaambiwa mama rudi Ijumaa. Aliuza kuku wote. Binti yake alikaa nyumbani mwaka mzima bila kwenda kidato cha tatu. Hakuna mbunge aliita mtu amuulize kuhusu hayo mayai.

Desemba iliyopita nilimtembelea akanitolea mkebe wa biskuti kutoka chini ya kitanda, ndani ameweka LPO, zile karatasi za oda za supamaketi, na delivery note zote zimefungwa na raba. Muhuri wa wale watu bado unasomeka vizuri. Aliniuliza kama huko ninakokaa kuna mtu anaweza kuzisoma amsaidie, na mimi sikujua nimjibu nini.