Bosi aseme wa kwanza au wa mwisho?

"Naunga mkono hoja ya mwenyekiti." Aliyewahi kuketi kwenye kikao cha menejimenti anaijua kauli hiyo. Bosi amefungua kikao kwa kusema, "Mimi naona tufungue tawi jipya, ila nataka kusikia maoni yenu." Maoni gani tena? Mkuu wa fedha, aliyekuja na hesabu zinazoonyesha kwamba akiba haitoshi, anafunika faili lake taratibu. Hoja inapita bila kupingwa, ubishi wenyewe unahamia kwenye korido.

Ndiyo maana wengi wanashauri kiongozi aseme wa mwisho. Mfano wao mkubwa unatoka Ikulu ya Marekani. Aprili 1961, Rais Kennedy aliidhinisha uvamizi wa Cuba kwenye Ghuba ya Nguruwe. Mshauri wake Arthur Schlesinger alikuwa ameandika waraka wa kupinga, lakini vikaoni alinyamaza, na baadaye akajilaumu kwa hilo. Uvamizi ulisambaratika ndani ya siku tatu, watu zaidi ya 1,100 wakatekwa. Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa kisiwani humo, Kennedy alijiondoa makusudi kwenye baadhi ya vikao. Washauri waligawanyika, hawa wakitaka meli zizuie njia, wale wakitaka mashambulizi ya ndege. Kila upande uliandika pendekezo lake, kisha wakabadilishana karatasi ili kila mmoja atafute matundu kwenye hoja za mwenzake.

Mfano mzuri, ila wanaoutaja husahau kwamba hata safari hiyo aliyeamua mwishoni alikuwa mtu mmoja.

Wanaopinga ushauri huu nao wana hoja nzito. Bosi akinyamaza, watu hawaachi kumsoma: amekunja uso, ameandika nini, mbona anatazama saa? Kimya chake kinakuwa kitendawili, na kikao kizima kinahangaika kukitegua. Kibaya zaidi ni yule aliyekwisha kuamua tangu jana, halafu anaigiza kusikiliza. Huyo afadhali aseme mapema: "Hili nimeshaamua, nisaidieni namna ya kulitekeleza." Watanung'unika, lakini hawatakuwa wamedanganywa.

Mimi naangalia kama uamuzi unaweza kurudishwa nyuma. Kubadili ratiba ya mauzo? Bosi aseme, tuendelee. Kukopa au kufunga kitengo? Hapo anyamaze, na kila mmoja aandike msimamo wake kabla ya yeyote kufungua mdomo.

Ajenda nayo ina lawama. "Tawi jipya: majadiliano" haimwelekezi mtu popote. Iandikwe: "Tufungue tawi kabla ya Desemba, au tusubiri deni liishe? Anayeamua: mkurugenzi mkuu, akishasikia fedha na mauzo." Hapo mkuu wa fedha anajua atatakiwa kusema, na kwamba hajaitwa kupiga kura.

Na kwenye muhtasari liingie jina la aliyepinga pamoja na sababu zake. Ukiandikwa tu "wajumbe waliafiki", akiba ikikauka miezi sita baadaye hakuna atakayejua kwamba hesabu zilikuwemo chumbani, ndani ya faili lililofunikwa.