Mkorosho unaongeza kaboni ardhini? Tazama majani yanaishia wapi

Wanaohimiza kupanda mikorosho Mtwara na Lindi hutaja pia faida ya kuhifadhi kaboni. Kwa shina na matawi sina ubishi. Kwenye udongo, hasa kichanga cha Newala na Tandahimba, hesabu ni ngumu zaidi.

Kichanga hakina mfinyanzi wa kutosha wa kuishika mboji, hivyo huoza upesi. Hekta moja, kwa kina cha sentimita 30, ina udongo wa takriban tani 4,200. Kaboni ikipanda kutoka asilimia 0.5 hadi 0.6, hiyo ni nyongeza ya tani 4.2, na tofauti ndogo hivyo humezwa kirahisi na upimaji mbovu. Ukichota sampuli karibu na shina tu, utapata kaboni nyingi kuliko iliyopo shambani. Ukiishia sentimita 30, unaipunja miti, kwa sababu mizizi huacha kaboni chini zaidi, na huko huoza polepole. Chota chini ya matawi na katikati ya mistari, ushuke hadi mita 1, na upime uzito wa udongo mkavu kwa ujazo wake. Bila uzito huo, asilimia haigeuki kuwa tani.

Linaloharibu zaidi ni moto. Kabla ya korosho kudondoka, chini ya mti lazima pawe peupe ili zionekane, basi majani hufagiliwa na kuchomwa. Kaboni ya mwaka mzima huishia hewani, majivu yakabaki. Anayeogopa moto wa kichaa ana haki, maana majani makavu yakishika, mikorosho nayo huungua. Lakini yanaweza kukusanywa katikati ya mistari, nje ya matawi, na shamba likazungukwa na barabara ya kuzuia moto ya mita 3. Hapo katikati ya mistari mbaazi husaidia: majani yake yana naitrojeni nyingi, huyaozesha ya mkorosho yaliyo magumu.

Salfa inayopulizwa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nayo huongeza tindikali ya udongo. Kilo 1 ikigeuka yote kuwa asidi hudai takriban kilo 3 za chokaa, na chokaa hiyo nayo hutoa hewa ya ukaa. Waandaaji wa miradi huisahau.

Shamba la muhogo lililochoka likipandwa mikorosho, naona faida, hata kama ni ndogo. Aliyefyeka msitu wa miombo ameanza na deni la kaboni: kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, hekta hubeba mikorosho 69 tu, na sioni italilipaje.